Mkunjo Chini ya Rangi

Rangi ya juu kabisa ilikuwa nyeupe. Chini yake palikuwa na rangi ya maziwa, na chini ya maziwa palikuwa na buluu, kisha nyeupe nyingine iliyokwisha kupiga umanjano kwa uzee. Chini ya hizo zote, mahali ambapo bawaba ya mlango ilizuia brashi za mafundi wa zamani, ilionekana rangi ya kijivu ambayo gari lilitoka nayo kiwandani Sochaux, mashariki ya Ufaransa, mwaka 1966. Matabaka matano. Mwenye gari ni mwalimu wa hisabati katika shule moja ya sekondari mjini Coventry, na mazoea ya kazi yake yalimfanya aiandike hesabu hiyo katika daftari kabla ya kushika msasa. Daftari hilo lina jalada jeusi na alama za vidole vya grisi. Nusu yake ya kwanza ni ya vipimo na bei; nusu ya pili ni ya maneno.

Gari lenyewe ni Peugeot 404 ya familia, yenye safu tatu za viti, ambayo watu wa pwani ya Kenya walizoea kuiita Pijo bila kuijali namba inayofuata. Peugeot waliitoa 404 mwaka 1960, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina wa Italia, na huko Ulaya ilihesabiwa kuwa gari la daktari au la mwenye duka: la heshima, la kutegemewa, lisilo na maajabu. Maajabu yake yalionekana Afrika Mashariki. Katika mashindano ya Safari, yaliyokuwa yakifanyika siku za Pasaka, 404 ilishinda mwaka 1963, ikashinda tena mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakafika 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na yakafika 7 vilevile. Bert Shankland, aliyeshinda 1966 na 1967, alikuwa mkazi wa Dar es Salaam, na kwa sababu hiyo ushindi wake ulisimuliwa mitaani kama wa mtu wa nyumbani. Hata hivyo matangazo ya redio hayatoshi kuliweka gari midomoni mwa watu. Aliyeliweka huko ni dereva wa teksi ya masafa, aliyelijaza abiria alfajiri, akalirudisha jioni, na kesho yake akaanza upya.

Baba wa mwalimu huyu alikuwa mmoja wa madereva hao. Njia yake ilikuwa Mombasa hadi Malindi, kilomita 120 hivi, na kati yake ulikuwapo mkono wa bahari wa Kilifi, ambao hadi daraja lilipofunguliwa mwaka 1991 ulivukwa kwa kivuko. Foleni ya kivuko ndiyo iliyoamua siku itakuwaje. Viti vya gari vilihesabiwa saba. Abiria walikuwa kumi, na mizigo yao ilipanda juu, kwenye keria iliyochomelewa na fundi wa Majengo kwa mabomba ya maji, kwa kuwa ile ya kununua ilipinda mwaka wa kwanza. Fundi huyohuyo ndiye aliyetoa injini ya asili ilipochoka akaweka ya Peugeot 504, na ndiye aliyelipaka rangi kila lilipohitaji kupakwa. Yu hai hadi leo. Macho yamepungua, lakini simu anaitumia vizuri kuliko vijana wengi.

Baba alipofariki, gari lilikaa miaka saba chini ya mwarobaini katika ua wa nyumba ya binti yake, dada wa mwalimu. Matairi yalikwisha upepo, kuku wakataga kwenye kiti cha nyuma. Dada alihitaji nafasi ile ajenge vyumba viwili vya kupangisha, na mnunuzi wa vyuma chakavu alikwisha kuja na mizani. Ndugu yake alipompigia kutoka Uingereza akimsihi asiliuze, jibu lilikuwa fupi: "Basi njoo ulichukue." Katika kauli hiyo hapakuwa na ukali. Palikuwa na uchovu wa mtu aliyebaki nyumbani, akauguza, akazika, akapokea rambirambi za wote, na sasa anaambiwa atunze gari pia.

Akaenda akalichukua. Lilisafiri katika kontena la futi 20 kutoka bandari ya Mombasa hadi Felixstowe, na hapo likaingia mikononi mwa sheria, ambazo katika jambo hili zina falsafa yake. Forodha ya Uingereza hulipunguzia gari kodi ya thamani hadi asilimia 5 badala ya 20 likiwa limezidi miaka 30, la aina isiyoundwa tena, na likiwa katika hali yake ya asili, bila mabadiliko makubwa ya chasi, usukani, breki au injini. Kisha inakuja idara ya usajili, DVLA. Gari lililozidi miaka 40 halilipi kodi ya barabara, na tangu Mei 2018 halilazimiki kufanyiwa ukaguzi wa kila mwaka, ila nalo lisiwe limebadilishwa mno. Mwalimu alisoma kanuni hizo kama mtu asomaye mirathi. Injini ya 404 ina ujazo wa sentimita 1,618. Ya 504 iliyomo ndani yake ina 1,796. Je, hilo ni badiliko kubwa? Idara ya usajili inajibu kwamba injini ya ujazo mwingine, ikiwa ni ya asili ileile, haihesabiwi kuwa badiliko. Na hizi ni za asili moja: kipenyo cha silinda ni kilekile, milimita 84, ila pistoni ya 504 husafiri milimita 81 badala ya 73. Zote mbili zimelazwa upande kwa nyuzi 45. Ni mtu na mdogo wake. Alitangaza kila kitu katika fomu, akasubiri wiki tatu, na gari likakubaliwa kuwa ndilo.

Lakini kukubaliwa na serikali kuwa gari ni lilelile hakumwambii mtu alirudishe hadi lini. Hili ndilo swali ambalo wapenzi wa magari ya kale hulipitia mbio, na haliepukiki. Kurejesha ni kurudisha nyuma, na nyuma ni kurefu. Wazee wa Kiingereza aliojuana nao kwenye maonyesho ya magari, watu wema waliomkopesha zana na kumwelekeza kwa wauza vipuri wa Ufaransa, walikuwa na jibu moja: siku lilipotoka kiwandani. Rangi ya kijivu, injini ya 1,618, keria iondoke, na viti vishonwe upya kwa kitambaa cha mwaka ule. Yeye mwenyewe aliliona jambo hilo kuwa na mantiki, kwa sababu siku ya kiwandani ni tarehe inayojulikana. Shida yake ni kwamba siku hiyo baba yake hakuwapo. Gari lilikuwa la mtu mwingine kwa miaka kadhaa kabla ya kuuzwa mkono wa pili, na katika hali ile ya kijivu hakuna hata mmoja wa ukoo huu aliyewahi kuliona.

Akampigia fundi.

"Ami, wanasema keria niiondoe."

"Uiondoe uiweke wapi?"

"Niitupe. Haikuja na gari."

"Wewe nawe ulikuja na ndevu?"

Fundi alikulia Lamu kabla ya kuhamia Mombasa, na mifano yake yote ni ya vyombo vya baharini. Alieleza kwamba jahazi huvuliwa ubao mmoja mwaka huu na mwingine mwaka ujao, likakalafatiwa pamba na kupakwa sifa, hata baada ya umri wa mtu mzima ubao wa kwanza hauonekani tena. Mkuku ukibaki, chombo ni kilekile, na nahodha hawezi kwenda mahakamani kudai jahazi lake la zamani. Mwalimu akamuuliza mkuku wa Pijo ni upi, maana gari hili halina chasi ya kujitegemea: bodi yenyewe ndiyo uti wa mgongo. Fundi akacheka, akasema hilo ni swali la mwenye gari.

Kwa muda basi mambo yakawa nusu kwa nusu. Keria ibaki. Injini ya 504 ibaki, kwa kuwa ilifanya kazi miaka mingi kuliko ile ya kwanza. Rangi iwe buluu, kwa sababu gari la utotoni mwake lilikuwa la buluu kabla ya siku moja, bila maelezo, kurudi kutoka gereji likiwa la maziwa. Jambo moja tu fundi alilikataa kabisa. Mwalimu alitaka kuondoa ngoma za breki za magurudumu ya mbele aweke diski, kama zilivyokuwa 404 za miaka ya mwisho. Vipuri alikwisha kuvipata, na badiliko la kuongeza usalama sheria hailikatazi. Fundi, ambaye hakujali injini wala keria wala rangi, alipandisha sauti: "Ngoma zile ni nzuri! Ngoma hazina kosa!" Akakata simu. Mwalimu alidhani ni ubishi wa uzee.

Katika kazi ya kulifufua gari la kale sehemu kubwa si ya injini. Injini ni kitu cha adabu. Ukifuata kitabu inakutii. Kazi ni kutu. Gari hili lilileta kutu ya aina mbili: ya hewa ya bahari, iliyolila kutoka nje ndani chini ya milango, na ya maji ya mvua yaliyotuama miaka saba chini ya mazulia. Majira yote ya baridi mwalimu alikuwa amelala chali katika gereji ya kukodi isiyo na dirisha, amevaa koti juu ya koti, akikwangua. Binti yake wa miaka 14 alikuja Jumamosi kushika taa. Kiswahili anakielewa chote na kukijibu kwa Kiingereza, desturi ambayo wazazi wengi walioko ng'ambo wanaijua na wameshaacha kuigombania.

Ilikuwa mwezi wa pili alipofika kwenye bati la ndani la madigadi ya mbele, upande wa kushoto, pale mguu wa springi unapoegemea. Akahesabu matabaka kama desturi yake. Yalikuwa mawili: nyeupe, na maziwa. Hapakuwa na buluu wala nyeupe ya kale wala kijivu. Chini ya maziwa palikuwa na puti, nene kama kidole gumba, na alipoibandua kwa patasi, bati likaonekana limekunjwa kama jamvi lililotandikwa vibaya, kisha likafunguliwa kwa nyundo, mapigo madogo madogo ya mtu mvumilivu, na kando yake mishono ya gesi iliyopangwa vizuri sana. Mbavu ya chini ilikuwa imeunganishwa kwa kipande cha chuma kisicho cha Peugeot. Akapiga picha akaituma Mombasa.

Kwa kawaida fundi hujibu kwa sauti, dakika tano au sita, na kuku wakisikika nyuma yake. Safari hii alama za buluu zilionyesha kwamba ujumbe umeonekana, na hakuna kilichokuja. Siku ya nne uliingia ujumbe wa maneno matatu: "Hapo paache, mwanangu."

Hapakuachika. Mguu wa springi ya mbele umesimama juu ya bati lile, na kutu ilikwisha kuingia ndani ya mkunjo. Mwalimu aliandika hivyo, kwa adabu, akieleza kwamba binti yake atapanda gari hili. Usiku wa siku hiyo simu ililia.

Fundi hakuanza na salamu ndefu. Alisema ilikuwa Kilifi, kwenye mteremko wa kushukia kivukoni. Gari lilikuwa limejaa. Baba alikanyaga breki na kanyagio likaenda hadi sakafuni. Mbele yake palikuwa na foleni, na pembeni mwa foleni watu waliokuwa wakiuza korosho na madafu, na mbele zaidi maji. Alivuta breki ya mkono, akaona haitoshi, akalipeleka gari kwenye kona ya nyuma ya lori lililokuwa limesimama. Alichagua lori. Upande wa kushoto ndio uliogonga, na upande wa kushoto, dirishani, alikaa mwanamke mchuuzi wa samaki aliyekuwa akirejea kutoka Malindi. Hakuna aliyekufa. Mguu wa mwanamke yule ulivunjika mahali pawili na haukuunga sawa.

Kisha fundi akasema lile ambalo mwalimu ameliandika katika daftari peke yake katika ukurasa mzima. Wiki moja kabla ya siku ile, silinda ya breki ya gurudumu la mbele ilikuwa ikivuja. Mpira mpya haukupatikana mjini, au ulipatikana kwa bei ambayo hakuna dereva angeilipa. Fundi alitoa mpira kwenye gari jingine lililokuwa limekufa gerejini, akausafisha, akautia. Alimwambia mwenye gari kwamba utasukuma hadi mwisho wa mwezi. Mwenye gari akasema inatosha.

"Mpira ule niliutia mimi," alisema fundi. "Baba yako hakunitaja kwa polisi, hakunitaja kwa mtu. Alinirudishia gari nilinyoshe, akalipa."

Mwalimu hakupata neno. Alichokumbuka wakati ule, na alichomweleza mkewe usiku huohuo, hakikuwa ajali; ajali hakuijua. Alikumbuka mwaka ambao baba yake alikaa nyumbani miezi minne. Alikuwa na umri wa miaka minane. Ndio mwaka alipofundishwa kuogelea, maji yakijaa, mkono wa baba ukiwa chini ya kifua chake. Ndio mwaka walipocheza bao barazani hadi magharibi. Maisha yake yote aliuhesabu mwaka ule kuwa wa furaha kupita yote, na bintiye ameusikia mara nyingi. Haikumpitia kamwe kuuliza kwa nini dereva wa Malindi yuko nyumbani Jumatatu asubuhi.

Na alimkumbuka shangazi wa Mtwapa. Kila mwisho wa mwezi, kuanzia darasa la tatu hadi alipomaliza sekondari, alitumwa na bahasha kwa mwanamke aliyeitwa shangazi, aliyechechemea akimletea kaimati katika sahani ya bati, akamuuliza habari za masomo, na kuipokea bahasha bila kuifungua. Kumbe hakuwa shangazi. Hapakuwa na mahakama iliyoamuru bahasha zile, fundi alisema; palikuwa na mtu na dhamira yake. Ziliendelea hadi mwanamke alipofariki, na katika miaka ambayo teksi ilikosa kazi, fundi alichangia nusu.

Wiki mbili mwalimu hakuenda gerejini. Ni vigumu kusema alimkasirikia nani. Mzee wa miaka themanini na kitu hakasirikiwi kwa mpira wa mwaka ule. Aliyetangulia mbele ya haki hajibu. Kuna aina ya hasira isiyo na mlango wa kutokea, na wanaoishi mbali na makaburi yao wanaifahamu zaidi, kwa kuwa hata ile faraja ya kwenda kusimama pale na kunyamaza hawanayo. Mwishowe alimpigia dada yake, akamsimulia taratibu, akitafuta maneno yasiyomshtua.

"Mimi nilijua," dada alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile. Mama alinipeleka hospitali nimpelekee uji yule mama. Wewe ulikuwa mdogo." Akanyamaza kidogo. "Kisha ukawa mbali."

Kauli hiyo nayo imo daftarini, bila maelezo. Yafaa kutambua kwamba dada hakumlaumu. Alitaja umri na umbali kama vitu viwili vya namna moja, na huenda ni kweli: anayekosekana nyumbani habari zake husimama katika umri aliokuwa nao alipoondoka, na wenyeji huendelea kumficha mambo ya watu wazima hata mvi zikimjaa.

Bati lile lilikatwa. Mwalimu hana ustadi wa kuchomelea sehemu inayobeba uzito, wala hakujifanya kuwa nao. Alimlipa mchomeleaji wa mjini, ambaye alilikata kipande kizima kwa msumeno, akaunda kingine kwa bati jipya la milimita moja na nusu, akakishona pande zote. Fundi huyo wa Kiingereza aligeuzageuza kipande cha zamani chini ya taa, akasema kwamba aliyefanya kazi ile hakuwa na mashine, ila alikuwa na mikono. Mwalimu aliyatafsiri maneno hayo na kuyatuma Mombasa. Kipande chenyewe alikitupa kwenye ndoo ya vyuma, akakitoa, akakitupa tena. Sasa kimo rafuni, kati ya kopo la grisi na boksi la plagi, na hakijasafishwa.

Diski za breki ziliwekwa. Hakuomba ruhusa tena, wala fundi hakupinga. Alituma ujumbe mmoja tu, kwamba mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka miwili hata kama gari halitembei, maana hunyonya maji ya hewa. Mipira ya magurudumu yote, silinda kuu na mabomba ya breki toka mbele hadi nyuma, vyote ni vipya. Mwalimu ameamua pia kwamba atalipeleka gari kwenye ukaguzi kila mwaka, ingawa sheria imemsamehe. Wenzake wa maonyesho wanaliona jambo hilo kuwa upotevu wa pesa.

Wanasikitika zaidi kuhusu rangi. Buluu aliiacha. Kijivu hakuitaja tena. Aliliagizia rangi ya maziwa, ile ambayo fundi alilipaka lilipotoka kunyoshwa, ili pasionekane pa kuanzia wala pa kuishia. Rangi haikuwahi kuwamo katika orodha yoyote ya Peugeot, na kwa hiyo katika maonyesho yanayotoa alama kwa uasili gari hili halitashinda kitu. Mtu mmoja alimuuliza kwa upole ni ya mwaka gani. Akajibu: ya mwaka wa bahasha. Kisha ikabidi aeleze, na hakuweza kueleza lote.

Palibaki difu. Katika 404 nguvu ya injini hufika magurudumu ya nyuma kupitia parafujo ya chuma inayozungusha gurudumu la shaba nyeusi, mpango wa zamani ambao Peugeot waliushikilia wakati wengine walikwisha kuuacha. Kila kitabu cha gari hili huonya kwamba mafuta ya kawaida ya difu yataila shaba. Yatakiwa yale yenye asili ya mbarika. Mwalimu aliyanunua kwa muuzaji wa mafuta ya magari ya mashindano, na alipofungua kopo, harufu ikajaa gereji. Ni harufu ya kichwa chake mwenyewe utotoni, bibi yake akimpaka nywele kabla ya chuo. Binti aliinusa akakunja pua. Alipoambiwa ni nini, alisema kwa Kiswahili, jambo lisilo la kawaida yake, "Gari linapakwa mafuta ya nywele?" Ndiyo, linapakwa.

Siku ya kuliwasha ilikuwa Jumapili ya mvua, mwezi wa tatu. Gari hili lina tundu katika bampa la mbele la kuingizia mkono wa kuzungushia injini, na mwalimu aliizungusha kwanza kwa mkono, plagi zikiwa nje, ili mafuta yapande. Akarudisha plagi. Binti alishika simu karibu na boneti iliyo wazi, na upande wa pili, Majengo, fundi alikuwa amewaambia wajukuu wazime redio. Mara ya kwanza ilikohoa. Mara ya pili ikakohoa zaidi, ikatoa moshi. Mara ya tatu ikashika, ikatetemeka, ikatulia katika ule mngurumo wa chini ambao abiria wa Malindi walikuwa wakiusikia kabla ya taa kutokea kwenye kona.

Hakuna aliyesema neno kwa dakika nzima. Kisha simu ikatoa sauti.

"Zima."

Akazima.

"Tapeti ya sita kutoka mbele. Imelegea."

Mwalimu alifungua kifuniko, akaigusa. Ilikuwa imelegea kidogo, unene wa karatasi. Injini ya aina hii hupimwa tapeti ikiwa baridi, na sasa ilikuwa na moto. Ingechukua saa nyingi kupoa. Alimwambia fundi kwamba atamwita tena jioni. Fundi hakukata simu. Walimsikia akivuta kiti, akakohoa, kisha akamuuliza mtoto kama kwao kunanyesha.

"Kunanyesha," binti alisema.

"Na huku pia."